Milka na Chupa ya Watu Kumi

Katika nyumba mia moja na tatu alizokabidhiwa, Milka anajua nani ana choo, nani anasema ana choo, na nani huazima choo cha jirani siku mkaguzi anapokuja. Anajua nani anameza dawa zake na nani huwarushia kuku. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji, nyamrerwa kama wanavyoitwa huku Seme, na kwa kazi hiyo alipewa kofia, fulana, begi la mgongoni na ahadi. Kofia ililiwa na mbuzi mwaka wa kwanza. Ahadi bado anayo.

Mimi ni nesi wa zahanati yao, karibu na Kombewa ukishuka kuelekea ziwani. Jina langu Nabalayo, mtu wa Bungoma, na hii miaka kumi na miwili niliyokaa kwa Wajaluo haijanifundisha kunyamaza. Watu huniita Sista. Milka nilimpenda tangu siku ya kwanza, na si kwa upole, maana hana. Nilimpenda kwa jinsi anavyouliza maswali. Akitaka kujua kama mtoto anaharisha, ataanza na habari za kuku, apitie shambani, kisha aseme polepole, "Naona leo umefua blanketi na si Jumamosi." Mama wa nyumba anaeleza yote mwenyewe. Mimi huingia na nguo zangu nyeupe, nauliza, "Mtoto anaharisha?" naambiwa, "Hapana, Sista," na huku ninamwona mtoto anakimbilia nyuma ya nyumba.

Miaka sita nimefanya kazi naye, na nimemwona akilemewa mara moja tu. Nitaisimulia, maana yeye mwenyewe akiisimulia huyasahau makosa yake na kuyakumbuka yangu.

Ilikuwa mwaka wa 2021. Mwezi wa tatu, chanjo ya korona ilipofika, nilikaa nayo kama muuza barafu siku ya mvua. Wahudumu wa afya tulichanjwa, walimu wachache wakaja, basi. Kijijini ilisemwa kwamba ukichanjwa, kijiko kinanata begani. Bwana mmoja alitoka kwake na kijiko mfukoni, akakijaribu kwenye bega langu mbele ya watu. Kijiko kilianguka. Akakiokota, akakitazama, akasema pengine ni kijiko kibaya.

Ikaja Juni. Ugonjwa uliingia upande wetu kwa kishindo, kaunti za ziwa zikafungiwa, kafyu ikawa saa moja jioni. Fundi Tom, ambaye kazi yake ni vitanda, akaacha vitanda kabisa na kuanza kununua mbao za majeneza kwa haraka. Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba Sista ana dawa. Tatizo ni kwamba Sista hakuwa nayo tena. Nchi nzima ilikuwa inasubiri ndege. Nilihangaika, nikapiga simu, nikabembeleza, na mwishowe nikapata chupa moja.

Chupa moja ni dozi kumi. Ukishaitoboa una saa sita, zikipita unamwaga. Huwezi kumchanja mmoja leo na mwingine Alhamisi. Lazima watu kumi wawe wameketi mbele yako, mikono tayari. Agizo lilisema tuanze na waliotimiza miaka hamsini na minane, na wenye sukari, presha na vifua vibovu. Kwa nyumba zetu, hao walikuwa zaidi ya mia. Nilimuuliza mtu wa stoo chupa nyingine itakuja lini, akanijibu, "Sista, wewe omba tu."

Kazi ya kuchagua watu kumi nilimpa Milka. Nilimwambia ni kwa sababu yeye ndiye anayewajua watu. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Kijiji kizima kilizeeka kwa wiki moja. Mama aliyekuwa na miaka arobaini na tisa tangu nilipofika hapa alikuja akichechemea na kusema ana sitini na tatu. Wanaume waliacha kunyoa ndevu nyeupe. Vitambulisho havikusaidia, kwa kuwa nusu ya wazee wa hapa walizaliwa tarehe mosi Januari, siku ambayo karani aliamua wazaliwe. Lakini Milka alikuwa na kipimo chake. Alimtazama mtu usoni na kumuuliza, "Mafuriko ya uhuru yalikukuta wapi?"

Hayo ni mafuriko ya miaka ile uhuru ulipokuwa unakaribia, ziwa lilipopanda na kumeza mashamba. Aliyekuwepo husema bila kufikiri: mgongoni mwa mama, juu ya dari pamoja na mahindi, kwa mjomba kule mlimani. Asiyekuwepo huanza na "Aah". Milka alipomuuliza Gordon, mstaafu aliyefanya kazi ya sukari kule Muhoroni, Gordon alifikiri kidogo, akasema, "Yalinikuta tumboni."

"Tumboni mwa nani?"

"Mama yangu. Nilikuwa nimeingia lakini sijatoka."

Milka akamwandika namba kumi na moja. Gordon hakukata tamaa, akaja kwangu kudai ana ugonjwa wa sukari. "Sista, sukari nimevuta kwa pua miaka thelathini. Iko ndani." Nikampima. Sukari yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Ili watu wasije wakachomeana nyumba, Milka akatunga sheria: boma moja, mtu mmoja. Hata boma liwe na wazee watano, litatoa mmoja, yule aliye hatarini zaidi. Watu walinung'unika, lakini hawakupata pa kuishika sheria hiyo ili waivunje, kwa kuwa ilimkata kila mtu sawasawa. Milka alitembea nayo kifua mbele siku nzima. Jioni sheria hiyo ikamfuata mpaka kwake.

Boma aliloolewa Milka ni la marehemu mzee Opondo, aliyeacha wajane wawili. Wa kwanza ni Mama Debra, ila jina hilo hulisikii ila kanisani. Anaitwa Mikayi, yaani mke mkubwa, na nyumba yake ndiyo inayotazama lango. Alikuwa na miaka sabini na minne, analima mwenyewe, anabeba maji mwenyewe, na asubuhi hugombana na redio. Wa pili ni Akello, mama mzaa mume wa Milka. Huyu alikuwa na miaka sitini na sita, sukari isiyoshuka, presha, na kifua kinacholia akipanda kilima. Wajane hawa wawili wamegombana kila siku ya Mungu kwa miaka arobaini. Waligombania mzee, wakagombania kuku, na mzee alipokufa wakagombana juu ya nani alilia vizuri.

Nafasi ilikuwa moja. Kwenye karatasi hapakuwa na ubishi. Mwezi wa nne nilikuwa nimemtundikia Akello dripu kwa siku mbili, na nilijua kwamba korona ikimshika, mimi sina cha kumpa ila Panadol na maombi. Milka alijua pia. Huyu Milka alifiwa na mama yake akiwa shule ya msingi. Alipoolewa na Sydney, ambaye kazi za mjengo zimemweka mjini, Manyatta, mwaka mzima, ni Akello aliyelala naye sakafuni mimba ya kwanza ilipokuwa ikimsumbua. Alimpenda yule mama kwa dhati. Basi akaandika: Akello, namba moja. Jumanne akaisoma orodha langoni mwa zahanati. Siku ya kuchanja ilikuwa Ijumaa.

Jumanne hiyo hiyo jioni, Akello akakataa.

"Milka nyathina," alisema, yaani mwanangu, "mimi nichanjwe mbele ya Mikayi aje? Unataka watoto wa hii boma wakonde?"

Hapa nieleze, maana mimi mwenyewe nilieleweshwa mara tatu. Katika boma la Wajaluo mambo yana foleni. Mvua ikinyesha, Mikayi ndiye anayetia jembe kwanza. Akishapanda yeye, anapanda mke wa pili, kisha wake wa wana, mkubwa mpaka mdogo. Kuvuna vilevile. Ukiruka foleni umeleta chira, na chira humkondesha mtu, hasa mtoto, mpaka anaisha, na hakuna kliniki inayoitibu. Kupanda ni kupanda, lakini kitu kikubwa kinachoingia nyumbani kwa mara ya kwanza nacho huhesabiwa kama kupanda. Na ni kitu gani kilikuwa kikubwa kuliko sindano ile?

Mimi, ambaye kwetu Bungoma tuna mambo yetu ambayo sitayataja, nilipandwa na hasira. Nilimwambia Akello kwamba virusi haviulizi mke wa kwanza ni nani. Nikamwonyesha namba za sukari yake. Akanisikiliza kwa heshima zote mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Sista," akasema, "sukari ni ugonjwa. Chira ni kesi."

Jumatano tukaenda kwa Mikayi kuomba. Milka alinichukua kwa sharti kwamba nisiseme neno, na nilikubali kwa sababu nilitaka kwenda. Tulimkuta mlangoni pake anabambua njugu. Akatupa kila mmoja sinia lake, nasi tukabambua. Pale kwa Mikayi hakuna anayeongea mikono ikiwa mitupu.

Milka akaanza na kuku, kama kawaida yake.

"Kuku wako vizuri, Mama?"

"Kuku wako vizuri. Nyar Sakwa, sema kitu imekuleta." Nyar Sakwa ni binti wa Sakwa, maana wake huku huitwa kwa walikotoka.

Milka akaeleza. Dozi kumi, boma moja mtu mmoja, na hali ya Akello. Mikayi hakuinua macho.

"Hiyo sindano ya hapa ni moja?"

"Moja tu, Mama."

"Na mikayi wa hapa ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Sasa shida iko wapi?"

Milka akasema shida ni kwamba Mama Akello ni mgonjwa na hataki kutangulia, labda Mikayi angetamka tu kwamba amemruhusu. Mikayi akacheka kidogo. Akasema jembe halitamkwi, jembe linashikwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Na wewe? Wewe umechanjwa?"

Njugu zikamtoka Milka mkononi. Alikuwa amechanjwa Machi, pamoja nami, kule Kombewa. Nyumbani hakusema. Mkono ulipomuuma alidai ameteguka bega akibeba maji, na jioni mbili mfululizo alikandwa bega hilo kwa maji moto ya chumvi. Aliyemkanda alikuwa Mikayi.

"Ile ilikuwa ya kazi, Mama," Milka akasema. "Ni kama yunifomu. Si ya nyumbani."

"Ulichanjiwa wapi?"

"Kombewa."

"Ulilala huko?"

"Hapana, Mama. Nilirudi jioni."

"Ulirudi na mkono, ama uliacha Kombewa?"

Nilicheka. Sikukusudia. Mikayi akanigeuzia jicho moja, na kicheko kikarudi kilikotoka.

"Kumbe mtoto wa mwisho ameshapanda," akasema. "Mimi hapa nangoja mvua, kumbe mtoto wa mwisho ameshapanda, na mimi namkanda na chumvi yangu. Chumvi yangu, Sista! Ile ya kununua!"

Sijui kama ilikuwa hofu au uchovu. Milka akasimama. Mke wa mwana hasimami mbele ya Mikayi akiwa hajaambiwa, lakini alisimama, sinia likaanguka, machozi yakamtoka na maneno yakayafuata.

"Sawa, Mama. Kosa ni yangu. Nilidanganya. Unaweza nifukuza mpaka Sakwa. Lakini huyu mama akipata hii kitu anakufa, na mimi ndio nitamuosha, na nyinyi mtakuwa mmefuata laini vizuri sana mpaka kwa kaburi."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Mikayi alikuwa ameinama anaokota njugu zilizomwagika, moja moja, maana hapendi hasara.

"Ijumaa," akasema, "hiyo chupa isifunguliwe kwa dispensari. Mlete hapa. Itafunguliwa kwangu. Na kiti ya kwanza nikae mimi."

Tukatoka. Njiani Milka alitembea kama anayekanyaga adui. "Atachukua yeye," alisema. "Ana nguvu kama trekta ya miwa, na atachukua yeye." Niliudhika naye kabisa Mikayi, siwezi kudanganya. Nilimwona mama mwenye kiburi, anayemnyang'anya mgonjwa kwa ajili ya cheo. Lakini nilimpa Milka tumaini moja ambalo kila nesi analijua: wakati mwingine, mkono ukiwa mzuri na chupa ikiwa na ukarimu, inatoa dozi ya kumi na moja. Milka akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mikayi achukue yake, foleni ifunguke, kisha Akello apate ile ya kumi na moja. Usiku ule, aliniambia baadaye, aliomba kwa ajili ya chupa. Aliitaja kwa jina la kiwanda.

Ijumaa saa tatu nilifika na kisanduku cha barafu, rejista na boksi la sindano zilizotumika, nikijiuliza nitaandika nini kwenye fomu penye "mahali pa chanjo". Wazee tisa wa orodha walikuwa wameketi uani kwa umbali, barakoa zikiwa kidevuni. Akello alikaa pembeni mlangoni pake. Gordon naye alikuwepo, na kiti chake kutoka nyumbani.

"Wewe haumo, baba," Milka akamwambia.

"Najua. Nimekuja tu kuangalia." Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, na kulikuwa na baridi. Kisha akaongeza kwa sauti ili wote wasikie, "Lakini kama ni boma moja mtu mmoja, hii boma si ilipata mwezi wa tatu?"

Minong'ono ikapita. Habari ilikuwa imetembea. Milka akainama kama amepigwa na fimbo, kwa sababu sheria ilikuwa yake, na Gordon, Mungu amsamehe, alikuwa na hoja. Nikafungua mdomo kueleza tofauti ya mfanyakazi na mkaazi, lakini mlango wa nyumba kubwa ukafunguka kwanza. Mikayi akatoka amevaa nguo zake za umoja wa akina mama kanisani, nyeupe pe, kitambaa kichwani.

"Gordon," akasema, "mafuriko ilikukuta kwa tumbo. Basi ngoja tena miezi tisa."

Uwanja mzima ukacheka, Gordon mwenyewe akiwemo. Mikayi akatembea mpaka kwenye kiti cha mbele, akaketi, akanyoosha mgongo. Nikamuuliza maswali ya kawaida: ana homa, ana mzio, amewahi kuzimia. Akajibu kwa ufupi, kama mtu anayefanya kitu alichokifanya mara nyingi. Nilipotoa chupa akanyoosha kiganja.

"Nitafungua mimi."

Kwa kawaida sikubali. Lakini kifuniko cha plastiki cha juu hakina madhara, mpira wa chini ndio wa kulindwa. Nikaishika chupa, naye akabonyeza kifuniko kwa kidole gumba, kikaruka kikaanguka vumbini. Nikapangusa mpira, nikatoboa, nikavuta dozi ya kwanza. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Milka aliiandika saa hiyo kwenye rejista bila kumtazama mtu.

"Kunja mkono wa nguo, Mama," nikasema.

Mikayi hakukunja. Akageuka kwa watu. "Nimekaa kwanza?"

Wakasema amekaa.

"Nimefungua mimi?"

Wakasema amefungua.

"Mmeona na macho yenu?"

Wakasema wameona.

"Basi mpe Nyar Gem." Akello ni mtu wa Gem.

Sikuelewa. Nilisimama na sindano hewani kama mjinga. "Mama, hii ni yako."

"Sista, wewe ukifungua shamba, unakula mbegu?"

Milka ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mwaka ambao Mikayi alivunjika mguu, walimbeba kwa kiti mpaka shambani, akachimba shimo moja, akaweka punje tatu, wakamrudisha kitandani. Kila mtu akapanda siku hiyo. Milka alikuwa mmoja wa waliobeba kiti. Alikuwa amesahau, kwa sababu hasira husahaulisha, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuchochea moto wake siku mbili.

Lakini hatukuwa tumemaliza. Akello alikuja mpaka mbele, akaona sindano, akaona kiti kimeachwa wazi, akasema hakai.

"Wewe utabaki na nini?" akamuuliza Mikayi.

"Nitabaki na masikio, nisikie vile unapiga kelele. Kaa!"

"Sikai. Tangu lini wewe unanipea kitu?"

"Leo! Kaa chini!"

"Miaka arobaini hujanipea hata chumvi!"

"Chumvi nilimaliza kwa bega ya huyu mwongo! Akello, kaa!"

Dawa haipendi joto, na jua lilikuwa linapanda. Nikapaza sauti, hakuna aliyenisikia. Basi Milka akaweka rejista chini, akaenda, akamshika mama mkwe wake mabega yote mawili, akamkalisha kwa nguvu. Jambo hilo huku halifanywi. Nikakunja mkono wa gauni, nikachoma. Akello akasema "Yawa!" na ikawa imekwisha.

Wale tisa waliobaki walipita haraka, mmoja baada ya mwingine. Kisha tukabaki na chupa. Nikaigeuza juu chini dhidi ya mwanga, na wote wakaja kutazama, umbali wa mita mbili ukasahaulika. Tone lilionekana kwenye kona. Milka alishika mkono wa Mikayi, na nafikiri hakujua kwamba ameushika. Nikavuta taratibu, nikaiinamisha sindano, nikavuta tena. Dawa ikapanda, ikapanda, ikasimama katikati. Nusu dozi. Nusu haimchanji mtu. Niliitazama tena na tena, kama inaweza kuongezeka kwa aibu. Gordon, ambaye alikuwa amesogea mpaka karibu kabisa, alikishika kiti chake, akarudi nacho nyuma, akakaa.

Nilimuuliza Mikayi, kwa sababu nilikuwa nimemdhania vibaya na nilitaka kusema kitu, "Mama, huogopi?"

"Naogopa sana, Sista. Kwani mimi ni jiwe?" Akamwangalia Akello, aliyekuwa akingoja dakika zake kumi na tano huku amebonyeza pamba begani na kununa. "Lakini huyu akienda, hii boma yote nitagombana na nani? Hawa watoto hawajui kujibu."

Milka akaenda nyuma ya jikoni. Alikaa huko muda mrefu kidogo, na aliporudi uso ulikuwa umeoshwa na alikuwa amekasirika, akaanza kuwafokea wazee wavae barakoa vizuri waende nyumbani.

Chupa nyingine zilikuja Agosti, na Mikayi akawa wa kwanza kwenye orodha hiyo bila mtu kubisha. Lakini kati ya Juni ile na Agosti kuna wiki nyingi, na Milka hakulala vizuri hata moja. Alipiga marufuku mgeni yeyote kuingia nyumba kubwa. Aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, akasimama hapo kama askari. Na kila asubuhi, kabla sijanywa chai, simu yangu ililia. Hakusalimia. "Sista, leo amenitukana," alikuwa akisema. Au, "Leo ametukana redio na mimi pamoja." Nami nilijua homa haipo na kifua kiko wazi, nikamshukuru Mungu.

Asubuhi moja ya Julai simu haikulia. Nilingoja mpaka saa mbili. Nikapiga, haikushikwa. Nikapiga tena. Nikachukua begi langu na kile kifaa cha kupima hewa kidoleni, nikaenda mbio na ndala zangu, nikipanga maneno ya kumwambia Milka na nisipate hata moja. Nilimkuta amesimama langoni, mgongo kwangu, hatikisiki. Nikamwita. Akageuka na kuweka kidole mdomoni.

Mle ndani, kila mmoja mlangoni pake, Mikayi na Akello walikuwa wakigombana kwa sauti zao zote juu ya kuku aliyetaga kwenye nyumba isiyo yake.

"Ngoja, Sista," Milka akaninong'oneza. "Wacha wamalize."

Nikaweka begi chini. Tukasimama pale wawili, tukawasikiliza mpaka mwisho.